Kabla Fundi Hajaifuta

Wadogo zangu,

Jumamosi iliyopita binti mmoja alibisha hodi kwangu Kisaasi akiwa ameikumbatia laptopu yake kama mtu aliyebeba mtoto mwenye homa. Yuko mwaka wa tatu Makerere, anakaa hosteli Wandegeya, na utafiti wake wote umo humo ndani. Jumatatu alikuwa ameipandisha mashine kutoka Windows 10 kwenda Windows 11. Jumanne Chrome ikaanza kujifunga yenyewe. Jumatano intaneti ikagoma kabisa, ingawa alama ya Wi-Fi ilikuwa imejaa. Alhamisi akaenda kwa fundi mjini. Fundi hakuifungua hata kifuniko. Akasema, "Hii tunaipiga Windows upya. Njoo jioni."

"Na vitu vyangu?"

"Vingine vitapona."

Namshukuru Mungu kwamba alichukua mashine yake akaondoka. Mimi mwaka 2019 niliambiwa hivyohivyo nikajibu "sawa." Jioni nikarudishiwa kompyuta safi kama sahani iliyooshwa. Kabla ya kufutwa, ndani yake kulikuwa na sauti ya bibi yangu, dakika arobaini, akinisimulia walivyohama kijijini kwao. Bibi alikuwa ameshatutoka. Baadaye nilipojifunza mambo haya nikagundua kilichokuwa kinaisumbua ile mashine ni draiva ya Wi-Fi, yaani programu ndogo inayoiendesha, kitu cha kubadilishwa kwa robo saa. Ndiyo maana leo sitaandika kuhusu wachumba wala mawifi. Nataka mjue namna ya kuiuliza kompyuta inaumwa wapi kabla hamjamruhusu mtu kuifuta.

Najua kwa nini wengi wenu mmepandisha mfumo kwa pamoja. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kuitunza Windows 10, na wengi wanaoitumia wamekuwa wakionywa. Sasa, mfumo mpya unapoingia ni kama nyumba ya kupanga inapopata landilodi mpya huku wapangaji wakibaki walewale. Draiva za zamani, antivairasi, VPN, viendelezi vya kivinjari, wote walikuwa na maelewano na landilodi wa kwanza. Huyu mpya amebadilisha kufuli. Kuna mpangaji atakayegonga mlango usiku kucha, na kuna atakayesimama mlangoni asiruhusu mtu kupita. Kuivunja nyumba nzima ni ujinga. Mtafute mpangaji mwenye ugomvi.

Tulikaa mezani, nikamwomba simu yake. Ilikuwa kwenye Wi-Fi ileile ya nyumbani kwangu, na kurasa zikafunguka bila shida. Maana yake rauta ni nzima na bando halijaisha. Kisha tukazima Wi-Fi ya nyumbani, laptopu tukaipa hotspoti ya simu. Ikagoma vilevile. Basi ugonjwa uko ndani ya laptopu. Tukafungua Edge badala ya Chrome: nayo ikagoma. Basi, kwa upande wa intaneti, Chrome haina kosa la peke yake. Maswali matatu, dakika tano, na tayari tumeshaondoa nusu ya wasiwasi. Fanyeni hivyo kila mara kabla ya kugusa kitu kingine chochote.

Kisha nikafungua lile dirisha jeusi la kuandikia amri. Kulipata, bonyeza kitufe cha Windows, andika cmd, bonyeza Enter. Usiliogope, halifuti kitu usichokiamuru. Nikaandika ping 8.8.8.8, anwani ya seva ya Google inayojibu mtu yeyote duniani. Mistari minne ikarudi, kila mmoja na jibu lake. Binti akashangaa: "Kumbe intaneti ipo!" Ipo. Nikaandika ping google.com. Hapo ikasema haimjui huyo mtu.

Hicho ndicho kiini chenyewe. Kompyuta iliweza kutoka nje, lakini haikuweza kubadilisha jina kuwa namba. Kazi hiyo hufanywa na huduma iitwayo DNS, sawa na kitabu cha simu: wewe unajua jina, chenyewe kinajua namba. Chrome ikikuonyesha maandishi yanayoanza na DNS_PROBE, mara nyingi ni hadithi hiyohiyo. Swali likawa: nani ameiambia laptopu hii itumie kitabu cha simu kisichokuwepo?

Jibu lake ni la Kampala hasa. Mnakumbuka 1 Julai 2018? Siku ile ilianza ile kodi ya shilingi 200 kwa siku ili ufungue WhatsApp, Facebook na Twitter. Mji mzima ulijifunza neno VPN, programu ya kuikwepa, katika wiki moja. Hata akina mama wauza ndizi walikuwa wanaambiana ipi inashika vizuri. Kisha ukaja uchaguzi wa Januari 2021. Facebook ikafungwa, na jioni ya tarehe 13 intaneti yote ikazimwa kwa siku kadhaa. Iliporudi, Facebook haikurudi nayo, na kwa miaka iliyofuata wengi hawakuifikia bila VPN. Kodi ile yenyewe iliondolewa Julai 2021, ikawekwa asilimia 12 juu ya data. Ila zile VPN tulizopakua kwa haraka, nyingi za bure, nyingi bila kujua zimetoka kwa nani, hatukuziondoa. Zimelala humo kwenye mashine zetu hadi leo.

Laptopu ya binti ilikuwa ya kaka yake kabla haijawa yake. Tulipofungua Settings, tukaingia Network & internet, kisha Advanced network settings, tukakuta kadi ya mtandao ambayo hajawahi kuiona, ya VPN iliyowekwa mwaka ule wa 2021. Na kwenye Wi-Fi yake, mahali pa DNS, palikuwa na namba iliyoandikwa kwa mkono badala ya kuachwa ijitafutie. Windows 10 ilikuwa imezoeana na hali hiyo. Windows 11 ilipoingia, hazikupita siku nyingi VPN ikashindwa kuamka, lakini amri yake ikabaki: usimuulize mtu yeyote jina ila mimi.

Tuliiondoa VPN kwa njia ya halali, yaani Settings, Apps, Installed apps, si kwa kufuta folda. Kisha tukairudisha DNS kwenye Automatic. Halafu, palepale chini ya Advanced network settings, tukabonyeza Network reset. Hiyo husafisha kadi zote za mtandao na kuziweka upya kana kwamba mashine imetoka dukani leo, na hakuna faili yako inayoguswa. Itasahau nywila zote za Wi-Fi, kwa hiyo ziandike kwanza kwenye karatasi. Mashine ikajizima, ikawaka, ukurasa wa Google ukafunguka. Binti alifunika uso kwa mikono miwili.

Kuna ndugu wa tatizo hili, nami nimemkuta mara nyingi zaidi kuliko hilo la kwanza. Unaandika ping google.com, inajibu vizuri, lakini vivinjari vyote vinalalamika, na Chrome inaandika ERR_PROXY_CONNECTION_FAILED. Hapo VPN imeacha proksi, kama dalali aliyekufa huku wateja wote bado wakielekezwa kwake. Ingia Network & internet, chagua Proxy, na ukikuta swichi ya kutumia seva ya proksi imewashwa na pameandikwa 127.0.0.1, izime. Umemaliza. Kama ni kompyuta ya ofisi, muulize kwanza mtu wa kompyuta, maana kuna ofisi zenye proksi ya kweli.

Ukihitaji VPN bado, ni hiari yako. Isakinishe upya baada ya kupandisha mfumo, toleo la sasa, kutoka kwenye tovuti ya wenyewe. Usiweke mbili.

Sasa kuhusu Chrome kujifunga. Intaneti ilirudi, lakini ugonjwa wa Jumanne ulibaki. Nikamuuliza binti swali ambalo fundi hakumuuliza: inajifunga ukiwa unafanya nini? Akafikiri. "Nikifungua video." Kusoma maandishi, hakuna shida. Tukafungua dirisha fiche, ambalo kwa kawaida huwa halina viendelezi, tukaweka video. Skrini ikawa nyeusi kidogo, Chrome ikaanguka. Edge nayo ikamezwa na giza. Basi haikuwa kiendelezi. Ni draiva ya picha: Windows 11 ilikuwa imeweka ya kwake ya jumla mahali pa ile ya mtengenezaji. Vivinjari hupenda kuitwika kadi ya picha kazi ya video ili mashine ipumue, na draiva isipoelewana nao huanguka pamoja.

Dawa ya haraka: mipangilio ya Chrome, sehemu ya System, zima Use graphics acceleration when available, kisha ifunge na kuifungua. Video ikacheza. Dawa kamili: nenda kwenye tovuti ya aliyetengeneza mashine, awe Dell, HP au Lenovo, weka namba ya mashine iliyobandikwa chini, pakua draiva ya picha ya Windows 11, kisha washa tena ile swichi. Msichukue draiva kwenye zile tovuti zinazojitangaza kwamba zitawaponyea draiva zote kwa mpigo. Hizo ndizo zinazowaletea wageni msiowajua.

Kama kwako dirisha fiche linasimama imara na dirisha la kawaida linaanguka, mkosaji yumo kwenye viendelezi. Vizime vyote, washa kimoja kimoja. Wenye Firefox, shikilia kitufe cha Shift wakati unaifungua. Itakuuliza kama unataka ifunguke bila nyongeza zake. Na wale mnaoondoa Chrome na kuirudisha mara tatu mkidhani mmetibu: mkiiondoa bila kuweka alama ya kufuta data ya kuvinjari, wasifu wenu wa zamani unabaki, na kama ndio ulioharibika, unarudi nao. Jaribuni kwanza kutengeneza wasifu mpya ndani ya Chrome ileile. Ukisimama, hamisha alamisho na nywila, achana na wa zamani.

Antivairasi nitaisemea kwa ukali kidogo. Zile zilizovunjwa kufuli, mnazowekewa kwenye diski ya USB kwa shilingi chache, hujipenyeza ndani ya kivinjari ili kukagua kurasa, na baada ya mfumo kupanda mara nyingi huo ndio mkono unaoiangusha Chrome. Ziondoe. Ile ya Windows yenyewe itajiwasha bila kuombwa, na kwa matumizi yenu inatosha. Halafu, mwenye RAM ya GB 4 na vichupo thelathini, hicho si kirusi. Punguza vichupo.

Siku nyingine mfanyabiashara mmoja wa Nasser Road alinipigia simu akiwa na hasira: tovuti zote za benki na kodi zinamwambia muunganisho si salama, wateja wanasubiri risiti za EFRIS, ule mfumo wa risiti za kodi. Nilimwambia aangalie pembe ya chini kulia ya skrini. Tarehe ilikuwa ya miaka mingi iliyopita. Kila tovuti salama ina cheti chenye siku ya kuanza na siku ya kwisha, na kompyuta inayoamini iko mwaka mwingine itavikataa vyote. Chrome huandika ERR_CERT_DATE_INVALID. Rekebisha tarehe, na mahali pa saa za eneo chagua Nairobi, kwa sababu Windows haina Kampala kwenye orodha yake na sote tuko UTC+3. Wengine baada ya kupandisha mfumo hukuta mashine iko kwenye saa za Marekani, wakasogeza mishale kwa mkono ili isome saa nne asubuhi. Usifanye hivyo, badilisha eneo. Ikiwa tarehe inarudi nyuma kila umeme ukikatika, ni kibetri cha CR2032 kwenye ubao wa mashine kimekufa. Hicho ndicho cha kumpelekea fundi, na ni kazi ya bei ndogo.

Na ukikuta alama ya Wi-Fi imetoweka kabisa? Hapo draiva ya Wi-Fi imepotea, kama ile yangu ya 2019. Chukua waya wa USB, chomeka simu yako ya Android kwenye laptopu, kwenye simu washa USB tethering. Laptopu itapata intaneti kupitia waya, bila Wi-Fi, nawe utaweza kupakua draiva. Ningeujua waya huo mwaka ule!

Wanafunzi mnaotumia eduroam, ile Wi-Fi ya chuo, nyinyi iambieni kompyuta iusahau mtandao huo, kisha mwingie upya kwa barua pepe ya chuo na nywila, maana mipangilio ya zamani haihami vizuri kila mara. Na wote kwa ujumla, tumieni Restart, si Shut down. Windows ukiizima kwa kawaida huhifadhi sehemu ya kumbukumbu yake ili iwake haraka, na hitilafu hulala humo ikaamka nayo.

Wapo pia watakaotafuta kosa kwenye mashine wakati halipo. Jumapili ya 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika upande wa kusini, na Uganda, Kenya na Tanzania zikawa zinakwenda kwa kutambaa. Sisi hatuna bahari. Intaneti yetu hupanda kutoka pwani, na kinachotokea huko chini kinatufikia. Nawajua watu waliofuta kompyuta zao siku ile. Ndiyo maana naanza na simu: simu ikigoma, na ya jirani mwenye laini nyingine ikigoma, funga laptopu, kapike.

Kingine kinachofanana na ugonjwa ni njaa ya mashine yenyewe. Baada ya kupandishwa, Windows hupakua masasisho kwa siku kadhaa, na ukiwa kwenye hotspoti ya simu, bando la wiki linakwisha kwa mchana mmoja huku Chrome ikisubiri zamu. Kwenye jina la Wi-Fi yako washa Metered connection. Itajizuia kupakua mengi hadi upate mtandao wa bure chuoni au kazini.

Sasa jambo ambalo wengi hawaambiwi. Kwa siku 10 baada ya kupandisha, Windows 10 yako ya zamani bado ipo, imehifadhiwa kwenye folda iitwayo Windows.old. Settings, System, Recovery, Go back. Unarudi ulikotoka na faili zako zikiwepo. Utakazopoteza ni programu ulizoweka katikati. Siku hizo zikipita, mlango unafungwa. Unafungwa mapema pia mtu "akikusafishia" diski ili upate nafasi, kwa hiyo mkatazeni. Na kuna ufunguo wa kuongeza muda: fungua lile dirisha jeusi kama msimamizi, kabla siku hazijaisha, uandike DISM /Online /Set-OSUninstallWindow /Value:60. Siku zako zinakuwa 60. Binti alikuwa siku ya sita. Tuliiandika amri hiyo kabla hajainuka kwenye kiti, na utafiti wake tukaunakili kwenye diski ya nje na kwenye akaunti yake ya barua pepe.

Wenye mashine kuukuu, zilizotoka kwenye ofisi za Ulaya zikaja kuuzwa kwetu, msilazimishe. Windows 11 inataka kitu kinachoitwa TPM 2.0, na kwa Intel inakubali kizazi cha nane kwenda mbele. Fundi anaweza kuipitisha kwa mlango wa nyuma, na hapo ndipo hizi hitilafu za draiva huzidi. Microsoft imeweka mpango wa kuendelea kuilinda Windows 10 hadi 13 Oktoba 2026, kwa dola 30, au bila malipo ukikubali mipangilio yako ihifadhiwe kwenye akaunti yao. Utafute kwenye Windows Update. Wakati huo ukiendelea, weka akiba ya mashine nyingine, au jaribu Linux Mint kwenye diski ya USB uone kama utaipenda.

Wala sisemi msiende kwa mafundi. Wapo waungwana, na mkono wao ni riziki yao. Ila mwendee ukiwa na jibu la simu, la kivinjari cha pili na la ping, umwambie "DNS haijibu" au "inaanguka kwenye video tu." Kaa hapo akifanya kazi. Akisema neno kufuta, mwambie anakili kwanza, mbele ya macho yako, nawe uifungue faili moja uone kama inasomeka.

Jumatatu usiku binti alinitumia ujumbe: sura ya nne imeshamfikia msimamizi wake. Baada ya dakika mbili ukaja mwingine: "Dada, kuna mwenzangu chumba cha pili, yake haina kabisa alama ya Wi-Fi. Fundi amemwambia aiache hadi kesho jioni."

Nilimjibu wasiende. Waje Jumamosi, wote wawili, na waya wa USB.